Bado Wana Mikia

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mgongo umepoa, na yule msimamizi wenu wa kiwandani amepunguza makelele. Sisi huku tuna nafuu, na safari hii "nafuu" si neno la adabu tu. Daktari mwenyewe kasema.

Majibu ya makohozi yametoka, yangu na ya Bibi. Ulisema yakionyesha kuwa mama mkwe wako ndiye aliyeniambukiza, Mjomba anakuja kunichukua, hakuna cha kujadili. Basi tangu tupeleke vile vikopo maabara sikuwa na raha. Bibi naye akawa anakohoa kageukia ukutani, kama mtu anayeficha kitu.

Daktari katoka nchi nyingine, Kiswahili chake kinaishia kwenye "pole". Ikabidi mimi, ninayejificha nyuma ya wenzangu darasani, nikae katikati kutafsiri. Alianza kwa kusema sote wawili tuna bakteria wa aina moja mapafuni, si wale wa kifua kikuu. Nikamtafsiria Bibi kwa sauti ya mbu. Akainamisha kichwa, akasema basi mama yako hakukosea.

Kumbe daktari hajamaliza. Alieleza kuwa bakteria wakikaa ndani ya mtu miaka mingi hawabaki walivyoingia. Wanazaana, kila kizazi kinabadilika kidogo, na wanaoiweza ile nyumba ndio wanaosalia. Wa Bibi wako kwake tangu kabla sijazaliwa. Wamejivika ute mzito kama blanketi, dawa nyingi haziwafikii, na vile vimkia vyao vya kuogelea wamevipoteza. Walishafika, waende wapi tena? Nikamwambia Bibi kuwa yeye ndiye mwenyeji wao, maana ndivyo tunavyofundishwa shuleni. Aligutuka! Akataka kujua nani kamsingizia, yeye hajamkaribisha mtu, na wageni gani hao wasiopewa jembe siku ya tatu. Daktari aliponiuliza Bibi kasema nini, nilicheka mpaka nikakohoa.

Wangu, Mama, bado wana mikia. Wepesi, hawana blanketi, wameingia juzijuzi tu, labda kwa maji au udongo, hakuna ajuaye. Maabara wamelinganisha vinasaba vyao na vya wale wa Bibi, wakakuta ni koo mbili mbalimbali. Wangekuwa wametoka kwa Bibi, wangekuja na alama walizozipata humo kifuani mwake. Hawana hata moja. Bibi hakuniambukiza. Na kwa kuwa hawajazoea, daktari anasema kuna matumaini makubwa ya kuwafukuza kwa dawa ya kuvuta kwa mashine. Nimeshaanza. Ni chungu, lakini jana nilipanda ngazi za shule bila kusimama nikijifanya nafunga kamba za viatu.

Bibi sasa anatamba. Jirani yetu fundi cherehani kaambiwa kuwa wa Bibi wamestaafu, wangu ndio vijana wahuni. Ila hatujabweteka: daktari alionya kuwa kutoambukizana hadi leo si ahadi ya kesho. Kwa hiyo nimehamia kulala sebuleni, madirisha hayafungwi, na kila mtu ana kikombe chake.

Sasa kuna jambo ambalo kwa simu lilinishinda. Uliponiuliza kama niko tayari kuhamia kwako nilijibu "ndiyo, Mama", kwa sababu mdomo wangu hukubali kabla mimi sijakubali. Ukweli ni kwamba sitaki. Najua wewe na Bibi hampikiki chungu kimoja, na pale maabara sikuwa naogopa ugonjwa. Niliogopa majibu yatoke mabaya, halafu nikusikie umefurahi. Nisamehe kwa kukudhania hivyo. Nakupenda, na nakukumbuka kila siku. Lakini huko kwenu naitwa Kimya, na kweli nikifika nanyamaza. Humu ndani naongea mpaka Bibi ananiomba nimpumzishe masikio.

Mwambie Mjomba aje kututembelea tu, asije na begi tupu. Na wewe ukipata likizo njoo ulale hapa, si kwa shangazi. Bibi anakusalimu sana. Kasema mwenyewe, sijamtungia wala sijatafsiri.

Ni mimi mwanao,
ambaye Bibi humwita Redio.