Kofia ya Obadia

Alhamisi, 25 Julai 2024

Siku ya Mashujaa. Redioni gwaride, mzee wangu kimya toka asubuhi. Nikaona nimchangamshe. Nikachukua kofia yake ya chuma, ile ya vita vya Kagera, nikamwaga maji ya kuku, nikaivaa. Nikampigia saluti! Kichwa changu hiki kama boga — ikakwama juu ya masikio. Mke wangu Emiliana alicheka mpaka akakaa chini.

Mzee hakucheka. Vua, alisema. Halafu, taratibu: hata mimi sijawahi kuivaa.

Miaka arobaini na mitano! Imepima mtama, imenywesha kuku, mimi mwenyewe niliogeshwa humo nikiwa mchanga. Na kumbe hajawahi kuivaa?

Ijumaa, 26 Julai

Upepo na baridi. Sikumuuliza. Mwoga mimi.

Jumapili, 28 Julai

Tumetoka kanisani, akaniita zizini, akasema mwenyewe.

Kofia ni ya Obadia, rafiki yake, mtu wa Mtinko. Walikuwa handaki moja. Ya mzee ilikuwa imetoboka, haishiki maji, kwa hiyo asubuhi ile aliazima ya Obadia achemshie chai. Maji hata hayajatokota — bomu. Obadia kichwa wazi. Mzee ameivaa yake, na tundu lake.

Kwao waliambiwa amekufa vitani, basi. La chai hakuna aliyewaambia. Mzee hajawahi kukanyaga Mtinko tangu arudi.

Dada yake Obadia, Dina, bado yu hai. Mzee anataka kwenda, asije akafa nalo. Nikasema, baba, si urudishe kofia tu, mengine ya nini? Akaniangalia kama alivyoniangalia nilipofeli la saba.

"Kofia ataifanyia nini, Kristofa? Kuku hata mimi ninao. Ninachompelekea ni hayo mengine."

Jumanne, 30 Julai

Mtinko. Naandika nimeegemea pikipiki, uani kwa Bibi Dina.

Njia nzima mzee aliikumbatia kofia. Nikamtania aivae, trafiki wangetusifu. Nilisikia tu chuma kinanigonga mgongoni kila shimo.

Shikamoo, marahaba, vigoda. Mzee akasema ni ya Obadia. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akaipangusa kwa khanga. Akaigeuza. Akapitisha kidole ndani, polepole, kuzunguka kote. Anatafuta tundu.

Mbona nzima, akauliza. Walimpiga wapi?

Mzee akaniambia nenda kaangalie pikipiki. Pikipiki haina shida yoyote.

Robo saa sasa. Nilisikia sauti ya mzee, maneno machache.

Bibi katoka. Kapita karibu yangu, hakunitazama. Ameisuuza kofia — mara ya kwanza, mara ya pili. Ametia maji. Ameiteleka kwenye mafiga palepale uani, anachochea kuni. Macho makavu kabisa. Mzee kasimama mlangoni, pama lake mkononi, hajui atoke au arudi ndani. Sijawahi kumwona mdogo hivi.

Yanaanza kutokota.

Wewe kijana, ananiambia — kijana, na upara huu! — niletee majani ya chai, yapo hapo dirishani.

Nimeleta. Nimeuliza, bibi, nitoe vikombe vingapi, na cha mzee?

Anaangalia maji. Anatia majani.