Tela Liliyumba, Lawama Nikamtupia Mke Wangu

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, tunaporudi ziwani, maana jambo hili limenikaa kooni. Mimi ni fundi wa majokofu, nina mke, watoto wawili, gari moja la nyumbani na boti ndogo niliyonunua na kaka yangu, ambayo tunaivuta kwa tela hadi ziwani. Wiki iliyopita nilipakia peke yangu, nikaona gari limeinama nyuma na majirani wanatazama, nikaona haya, basi madumu ya mafuta, nanga na sanduku la barafu nikavisukuma mwisho kabisa wa boti, kule kwenye injini, gari likanyooka nami nikajiona mjanja. Mke wangu ndiye aliyeendesha, mama mkwe amekaa nyuma na watoto, na tulipoanza kushuka mteremko tela likaanza kwenda huku na huku kama mkia wa mbwa, linavuta gari zima, mimi napiga kelele, "Kanyaga breki! Kanyaga!" Yeye hakukanyaga. Akatoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani bila kuukata, mwendo ukapungua, tela likatulia, akaegesha kando.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimwambia mbele ya mama yake, "Nilijua tu, wewe kuvuta tela huwezi."

Akashuka, akasema, "Sawa. Endesha wewe."

Tangu siku hiyo hagusi usukani, na mama mkwe hunijibu "ndiyo baba" na "hapana baba" basi. Kosa ni langu, nalijua. Kaka anasema tela likiyumba niongeze mwendo litanyooka. Nimsikilize? Na mke wangu nimwambieje?

Fundi Majokofu

JIBU

Fundi, pole kwa hofu mliyoipata. Kwa hayo mengine sikupi pole.

Kaka yako mwache aendelee kuvua samaki. Mwendo ndio unaolichochea tela, na breki ya ghafla ingewapindua. Alichofanya mkeo ndicho sahihi, na mko hai kwa sababu hakukusikiliza.

Uzito ukikaa mkiani, tela linakuwa jepesi pale linaposhikana na gari, ndipo linapoanza kucheza. Vitu vizito virudishe mbele kidogo ya ekseli ya magurudumu ya tela, uvifunge visihame. Katika kila kilo mia za tela na mzigo wake, kilo kumi hadi kumi na tano ziegemee kiungio. Pima kwa mizani, usikisie, kisha soma kitabu cha gari uone linaruhusu kiasi gani. Gari likiendelea kuinama sana, mzigo umelizidi: punguza, na springi zikaguliwe. Jaza upepo matairi yote, ya tela pia. Halafu jaribu kwenye uwanja mtupu, bila watoto. Mteremko uuanze taratibu, usingoje ufike katikati ndipo upunguze mwendo.

Sasa mkeo. Ulimwaibisha mbele ya mama yake, kwa hiyo kumwomba radhi chumbani hakutoshi. Mama mkwe awepo. Usianze na visingizio vya upepo wala barabara mbovu. Sema, "Nilipakia vibaya, wewe ukatuokoa, nami nikakusingizia." Usiongeze "lakini". Usimwombe aendeshe Jumamosi. Hilo ataliamua mwenyewe. Kisha nyamaza, fundi, hata kama kimya kitakuuma, umwachie yeye neno la mwisho.