Kosa la Mwisho la Mwalimu Vizibo

Ni mwaka mzima sasa, mpendwa wetu, tangu uliporusha video yako ya mwisho mtandaoni, ukaenda kuoga, na moyo ukasimama. Daktari alisema hukuteseka. Tumelipokea hilo kama taarifa.

Mchana ulifundisha hesabu sekondari. Jioni ulimfundisha yeyote mwenye simu. Ulirekodia jikoni, kwenye meza yetu ya kulia, kwa sababu ya mwanga wa dirisha. Vizibo vya soda vilikuwa namba, vifuniko vya sufuria vilikuwa duara. Jirani yetu fundi cherehani, aliyeikimbia hesabu tangu shule ya msingi, alijifunza kwako hesabu za sehemu, nusu na robo. Hadi leo hupima kola huku akiigiza sauti yako.

Kila uliporekodi ulichomoa friji ili isingurume, kisha ukasahau kuichomeka. Maziwa yaliharibika mara nyingi.

"Baba watoto, friji!"

"Ngoja kidogo, mama. Namalizia kukosea."

Ndivyo ulivyofundisha. Katika kila video uliweka kosa moja la makusudi, watazamaji wakalisaka mpaka video iliyofuata, ulipolifichua huku ukiwatania: "Mwenye macho haambiwi tazama!" Watoto waliochukia hesabu wakawa wanakagua kila mstari ili wakukamate.

Katika video ya mwisho ulionyesha kwamba namba witiri, zikijumlishwa kwa mfuatano kuanzia moja, huunda mraba. Moja na tatu, nne. Ongeza tano, tisa. Ongeza saba, kumi na sita. Kosa hatujaliona. Tumekagua jumla, safu, maneno, hata rangi za vizibo. Watazamaji bado wanauliza.

Vizibo viko mezani kama ulivyoviacha. Hatuthubutu kuvigusa, huenda kosa limo humo. Tunakula sebuleni, sahani mapajani. Kwenda kwenye jiko tunapita kiubavu. Dirisha halifunguliwi, pazia lisije likavipangusa. Mwenye nyumba alikuja na fundi wa kupaka rangi, tuliwarudisha mlangoni.

Mama yako amechoka. "Labda siku ile alisahau tu kukosea. Viondoeni, watu wapate kula mezani!"

"Bibi, baba hakuwa mtu wa kusahau," akasema mwanao mkubwa.

"Na friji je?"

Tulicheka. Kisha kila mmoja akabeba sahani yake, akarudi sebuleni.

Wiki hii binti yako mdogo alitoka jikoni na simu mkononi. "Nimelipata. Mwishoni alisema, 'Tukutane kesho kutwa.' Hatukukutana."

Bibi yake alikuwa ameshaanza kutafuta mfuko wa kutilia vizibo. Tulitamani kulikubali jibu lile, tupate meza yetu na watazamaji wapate lao. Lakini sharti uliliweka mwenyewe: kosa halihesabiki ila liwe la makusudi. Lile hukulikusudia, tukamwambia. Mtoto alifikiri kidogo, akatikisa kichwa, akarudi kuitazama video tangu mwanzo.

Unakumbukwa na mama yako, mkeo, mwanao, binti yako, fundi cherehani, na wanafunzi wako ambao hukuwahi kuwaona.

Friji imechomekwa. Meza bado ni yako. Tutakukumbuka daima.