Mama Baluku, Nimemwaga Bushera Yako

Mama Baluku,

Mimi bado niko. Meno yamepungua, mdomo haujapungua.

Najua mashtaka yameshakufikia, maana watu wa Bwera hawanyamazi hata mbele ya kaburi. Wanasema mume wako amepata wazimu, amemwaga bushera, kinywaji cha siku ya kukukumbuka. Ni kweli, nimemwaga. Ngoja nieleze kabla hujanikunjia uso.

Tangu utuache, mto umejaa tena. Safari hii ulipita kwenye vyoo vya kule chini, ukabeba kilichokuwemo. Sasa bomba letu linatoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mtu wa afya akapita na spika: chemsheni, funikeni, msichovye vikombe ndani ya maji. Mtu mwenye spika simwamini, unanijua. Lakini kati yake na yale maji, afadhali yeye.

Basi nikaanza upelelezi hapa nyumbani. Mkamwana wetu Masika maji ya kunywa anachemsha mpaka yanaruka, anayafunika. Nikamchunguza, sikupata kosa, nikaudhika. Nikakukumbuka wewe ukichemsha yako, nami nakuuliza kama leo tunakula supu ya maji, na wewe na mwiko wako: "Kunywa, we mutu ya kelele!"

Halafu akapika bushera ya Jumamosi. Uji wa mtama, umetokota asubuhi nzima. Watu wa Karambi wote wanakuja, na wa Munkunyu, na yule shangazi yako anayekunywa kama ng'ombe. Nikajificha nyuma ya jiko. Ndiyo, baba mkwe kuchungulia sufuria ya mkamwana, aibu, najua. Lakini nikaona. Ili uji upoe haraka na utoshe watu, akaumimina kwenye pipa, akaufungulia jerikeni ya maji ya bomba. Maji mabichi, mama! Chubwi, ndani ya uji uliochemka vizuri, halafu akafunika uchachuke. Hapa kila mtu anafanya hivyo. Kikombe cha maji wanakiogopa, pipa la bushera wanalimaliza.

Nikatoka mafichoni nikauliza. Akasema, "Tata, uchachu inaua kila kitu. Na mama mkwe alifanya hivi hivi." Na kweli ulifanya.

Nikalipindua pipa. Bushera yote ikaingia kwenye shamba la kahawa. Masika akalia, Baluku akanifokea kama afande, majirani wakasema mzee hataki mke wake akumbukwe. Mimi! Mimi ambaye mpaka leo nalala upande wangu tu wa kitanda...

Lakini fikiria, mama. Watu waliokulilia wanywe kwa jina lako, halafu waanze kuharisha na kutapika, nyumba hii na nyumba ile, tuwazike kando yako. Jina lako ligeuke jina la ugonjwa. Hapana. Bora waniite mchawi.

Masika akaacha kunisemesha. Leo ameweka sufuria mbili kwenye moto, moja ya uji, moja ya maji ya kuuongezea. Yale maji ameyachemsha, ameyafunika, ameyaacha yapoe yenyewe. Hajanitazama, ila ameuambia ukuta kwa sauti: "Wenye macho waje waone vizuri, wasijifiche kama paka." Nimeenda. Nimeona, nimenusa. Kata ya kuchotea sikuipenda, nimeiosha mwenyewe kwa maji ya moto. Akacheka kidogo, akidhani sikusikia.

Lala vizuri, mke wangu. Jumamosi kikombe cha kwanza nakunywa mimi, mbele ya wote, wasiogope. Nikibaki hai, nakuahidi nitalilinda lile pipa mpaka mgeni wa mwisho ageuke kwenda kwao. Nisipobaki, nisogezee nafasi hapo ulipo. Ila usinipe chochote cha kunywa kabla sijakagua maji ya huko.

Mume wako msumbufu,
Baba Baluku