Mlango wa Jikoni Hatutaunyoosha, Baba

Mwaka umekatika, Baba, tangu ulipotuaga. Karakana yako bado inanuka mbao, na randa yako imelala palepale ulipoiacha. Mama hataki mtu aiguse.

Mtaa mzima ulikuita Mzee Timazi, kwa sababu kitu kisipokaa wima ulikuwa hulali. Ukialikwa kwa watu, kabla ya salamu ulikuwa umeshaikagua fremu ya mlango wao. Mama alikufinya mara ngapi! Na kila ubao ulioingia karakana uliuinua hadi usawa wa pua, ukafumba jicho la kushoto, ukaulenga kwa la kulia kama mtu wa bunduki. Ukiridhika, uliupiga kofi kidogo na kuuambia, "Wewe unafaa."

Ndiyo maana hukujua. Jicho la kushoto lilianza kuumwa kimyakimya, na wewe kila siku ulikuwa umelifumba.

Kisha vumbi la msumeno likaingia jicho la kulia. Likavimba, ukalifunga kitambaa, ukaendelea na kazi kwa la kushoto, maana kukaa bure ulikuwa huwezi. Mbao zote ukaanza kuziona zimepinda katikati. Ukazirudisha kwa muuza mbao, rafiki yako wa tangu ujana, ukamtukana mbele ya wateja wake.

"Umezeeka, umeanza kuniuzia kuni!"

"Kuni ziko kichwani mwako!" akakujibu. Mkanuniana.

Mlango wa jikoni uliutengeneza kwa jicho hilohilo. Uliuranda mpaka ukakunyookea, ukaufunga kwenye bawaba, ukamwita Mama aje ausifie. Mama akausukuma, ukagoma. Juu umebana, chini paka anapita.

"Baba watoto," akasema, "mbona huu mlango umekaa kama umechoka?"

Tulicheka sote, ila wewe hukucheka. Ulifungua kitambaa, ukafumba jicho moja, ukautazama. Ukafumba la pili, ukautazama tena. Ukarudia. Kwa la kulia umepinda, kwa la kushoto umenyooka. Kisha ukasema, "Mama watoto, vaa viatu. Twende hospitali."

Daktari wa macho alikuwa binti wa umri wetu, mpole lakini hana mzaha. Alikutia matone ya kupanua mboni, akakuangalia kwa taa yake kwa muda mrefu, akakupima na kwa ultrasaundi. Halafu akakivuta kiti karibu.

"Baba, ndani ya jicho la kushoto, kwa nyuma, kuna uvimbe. Ni saratani. Inaitwa melanoma, huanzia kwenye chembe zinazolipa jicho rangi yake. Mara nyingi haiumi, ndiyo maana huchelewa kujulikana."

"Mimi nilijua jicho huumwa na vumbi tu."

"Uvimbe ungekuwa mdogo tungeuchoma kwa mionzi. Huu umeshakua. Naomba tulitoe jicho, tukuokoe wewe."

Wewe ukauliza, "La kulia je?" Ukaambiwa ni zima. Ukapumua. "Basi litoe, mwanangu. Hilo la kushoto sijawahi kulipa kazi."

Ulicheka hadi mlangoni. Nje, kwenye ukumbi wa hospitali, ulishika nguzo ukalia, na Mama akakuacha ulie. Siku hiyohiyo ulipita kwa muuza mbao ukamwomba radhi.

"Mbao zako zilikuwa sawa. Jicho langu ndilo bovu."

"Si nilikwambia!" akaanza. Ulipomweleza yote, alikaa juu ya rundo la mbao zake.

Ukapona, Baba, na ukatuchosha! Jicho la bandia ukawatishia wajukuu kwamba halilali, linawaona wakiiba sukari. Na hakuna aliyeingia karakana bila kuamriwa azibe jicho moja, autazame mlango wa jikoni, kisha azibe la pili. "Nimefuata kitanda, sikuja kupimwa!" wateja walilalamika. Uliwapima tu. Muuza mbao peke yake alikukatalia miaka yote. "Macho yangu mazima, si kama yako."

Ugonjwa uliporudi, safari hii kwenye ini, hukulaumu mtu. Ulisema zile siku za ziada umezifaidi zote, nasi tunajua ni kweli.

Sasa sikia habari. Baada ya maziko, muuza mbao alikuja kumjulia hali Mama. Akasimama mbele ya mlango wako, akatikisa kichwa, akasema, "Haya, leo acha nimfurahishe marehemu." Akaziba jicho la kushoto, sawa. Akaziba la kulia, akashtuka. "Jamani, mbona huku pembeni kuna giza?" Ilikuwa mchana kweupe.

Mama hakumpa hata nafasi ya kumaliza chai. Alimpeleka kwa daktari yuleyule. Ni melanoma, Baba, lakini ndogo. Walimshonea kwenye jicho kibamba chenye mionzi, kidogo kama kifungo, kwa siku chache, wakakitoa. Juzi amepimwa tena: uvimbe unasinyaa, na bado anaona. Alirudi moja kwa moja hapa, akauegemea mlango wako, akalia kama mtoto.

Mafundi wanajitolea kutunyooshea mlango ule. Mama anawafukuza.

Wanaokukumbuka ni mkeo, anayeusukuma kwa bega kila asubuhi akikutaja, wanao na wakwe zako, dada yako, wajukuu, ambao bado wanaiogopa sukari. Na muuza mbao, ambaye si ndugu yetu, ila ameapa asipotajwa hapa hatatuuzia hata ubao wa kukatia mboga. Anakukumbuka kwa macho yote mawili.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Kila anayeingia jikoni bado anaziba jicho moja kwanza.