Jina Lililo Juu ya la Mama

Sumbawanga,
Jumatatu

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Hamjambo huko Korogwe? Shemeji anaendeleaje, na wanao je? Mimi mzima, ila baridi ya huku inaniingia mifupani, na mwenye nyumba wangu ananitazama sana kila nikitoka. Kabla hujaendelea kusoma, geuza bahasha uikague. Nitaifunga kwa gundi mara mbili, nipitishe na selotepu. Ikiwa imechanika, ujue kondakta wa basi nitakayempa ameisoma. Sikutaka kupiga simu kwa sababu shemeji huweka spika kila nikipiga, eti anisalimie.

Mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha kwetu Kwedizinga aliniomba niwawekee majina yao kwenye kompyuta, kwa kuwa ndiyo kazi yangu huku. Akanitumia picha za madaftari mawili. La kwanza lina wanachama na namba zao. La pili lina watu wa nyumbani mwao, na kila mmoja ameandikiwa namba ya mwanachama anayemtegemea, ili siku ya msiba ijulikane turubai liende wapi na akina nani wakachimbe kaburi. Kila daftari nimeliingiza kama jedwali lake, kisha nikatengeneza fomu inayoyaunganisha. Ukiandika namba, jina la mwanachama linajitokeza lenyewe kutoka jedwali la kwanza, na chini yake wanajipanga watu wake kutoka jedwali la pili. Huandiki jina mara mbili. Nilijisifu mwenyewe, nikaandika namba ya baba, ishirini na saba, ili nijifurahishe.

Likatokea jina la baba. Chini yake wakatokea watu watatu. Wa tatu ni mimi. Wa pili ni mama. Wa kwanza, juu ya mama, ni Rehema, wa Bungu.

Dada, Rehema ni nani?

Kwanza niliishuku kompyuta, halafu nikavishuku vidole vyangu. Nikarudi kwenye picha. Yupo, kwa wino, na namba ni hiyo hiyo ishirini na saba. Nikatazama daftari la wanachama, nikakuta kwenye namba hiyo kuna jina limekatwa kwa nguvu mpaka karatasi imechanika, la baba likaandikwa juu yake. Mtu asiye na la kuficha hakati jina namna ile.

Sasa hebu kumbuka. Kila mwaka baada ya mavuno baba anapanda milimani Bungu, kwenye baridi, na gunia la mahindi, anasema anafuata mbegu za maharage. Wewe ulishaona maharage hayo? Mimi sijayaona. Nilikuwa bweni Handeni mjini, wewe ulishaolewa, na mama amebaki peke yake kibarazani na sweta lake anafuma, maskini, hana habari. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Na nikwambie ukweli, nimekushuku hata wewe. Wewe ni mkubwa, huenda ulijua ukaninyamazia.

Kibaya zaidi, mwenyekiti ameipenda fomu kupita kiasi. Anataka niichape yote, isomwe kwenye kikao cha Ijumaa ya wiki ijayo baada ya swala. Zamani walisoma wanachama tu, kila mtu akaitika "nipo." Safari hii watasoma na walio chini yao, na kila jina la asiyekuwepo litaitikiwa "yupo" na mtu wa nyumba hiyo. Mama atakuwa amekaa pale na wenzake, asikie jina la mtoto wa mumewe mbele ya kijiji kizima. Nikaweka mshale kwenye jina la Rehema nilifute. Ningebonyeza mara moja tu. Halafu nikafikiri, mtoto huyu akifa leo, nani atakwenda kumchimbia? Nikaondoa mkono.

Jumatano

Barua haijaondoka, naendelea. Jana nilimpigia Bi Tatu, katibu wa chama, nikajifanya naulizia herufi za jina. Akaguna. Mguno wake nao nikaushuku.

"Unaulizia herufi au unamuulizia baba yako?" akasema.

"Herufi, bibi."

"Muongo wewe, tangu mdogo! Sikiliza. Jina lililokatwa ni la Rajabu, fundi baiskeli. Nililikata mimi mwenyewe, siku tuliyomzika, nikiwa nalia."

Rajabu unamkumbuka, rafiki wa baba, aliyekuwa akituachia tuzungushe pedeli. Mkewe alimtangulia, na mtoto wao mchanga, ndiye huyo Rehema, akalelewa na bibi yake Bungu, ndiyo maana hatukuwahi kumwona. Kwa sheria ya chama, mwanachama akifa bila mke, namba yake inafutwa pamoja na walio chini yake. Baba alikuwa amegoma kujiunga miaka yote. Siku hiyo akasimama akaomba kuingia. Wakataka kumpa namba ya mwisho, akakataa.

"Akasema, 'Nataka ya Rajabu, na aliye chini yake asiguswe,'" Bi Tatu akaniambia. "Wazee wakabishana sana. Ndipo mama yako akasimama akasema, 'Mimi na mwanangu tuandikeni baada ya mtoto.' Wakaona aibu, wakakubali."

Sweta, dada! Nani anavaa sweta Kwedizinga na joto lile? Miaka yote hiyo mama anafuma mbele ya macho yangu, mimi nadhani anauza, kumbe ni ya Bungu. Nimeona haya, na nakuomba radhi kwa kukushuku. Bado najiuliza kwa nini hawakutuambia. Labda waliogopa maswali yangu.

Nisalimie shemeji, ila barua usimpe. Mama mdogo mwambie kitenge nitamtumia, na mama mkwe wako mfikishie shikamoo yangu.

Ijumaa hiyo nenda Kwedizinga, ukae karibu na mama. Wakifika namba ishirini na saba, baba akishaitika wataanza na Rehema, naye atakuwa shuleni Bungu. Usimsubiri baba, wala usimwachie mama. Itika wewe, kwa sauti, wakusikie mpaka nje: yupo.

Mdogo wako,
Athumani