Jando Lililomngoja Askari

Mjukuu wangu Zuhura,

Kosa la wengi ni kuipanga nyumba kwa tarehe ya serikali. Sisi wazima, bibi yako anakusalimu, mikorosho imechanua. Unauliza kama jando la mwanao lingoje baba yake arudi kutoka vitani Kongo.

Kaka yangu Hamisi alipopelekwa vita vya Malaya, kule Asia, enzi za Waingereza, ofisa wa serikali alikuja barazani hapa Nambambo.

"Tukiongeza askari," alisema, "walioko huko watarudi baada ya mavuno."

Shangazi akadakia, "Bwana, unawatoa watu kwa kuingiza wengine?"

Watu walicheka, lakini baba yetu aliamini. Akaahirisha jando la mtoto wa Hamisi, maana kwetu baba ndiye humpokea mwanawe atokapo kumbini, kwenye kambi ya jando. Mavuno yakapita, askari wakaongezwa, ikatajwa tarehe nyingine. Wenzake mtoto huyo waliokwisha kutahiriwa wakamfukuza: "Nenda kacheze na watoto!"

Hamisi hakurudi. Mwanawe aliingia kumbini ameshaota ndevu. Siku ya kutoka alitafuta uso mmoja tu kati yetu.

Tangu hapo sijaona tarehe ya vita iliyotimia. Nguvu za kumpokea kijana wako ninazo bado.

Leo hii, nenda kwa ngariba ukamtajie jina la mwanao.

Babu yako